Kukadiria umri wa mti mkubwa bila kuukata

Chipukizi
Wakuu, naomba msaada. Kuna mti mkubwa uliosimama peke yake mahali pa wazi, wa aina inayopukutisha majani yote mara moja kwa mwaka. Mzingo wake ni mita 4.4. Wapo wanaoupa miaka 150, wapo wanaosema 400. Kuukata haiwezekani, na shina likigongwa linalia kama ngoma, nadhani ndani pana pango. Ile kanuni ya kugawa mzingo kwa sentimita 2.5, yaani kiasi mzingo unachoongezeka kwa mwaka, inanipa miaka 176. Niiamini?

Msumeno
Kwanza hakikisha kipimo. Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unaanzia upande wa juu. Kama hapo pana kifundo au tawi, shuka mpaka sehemu nyembamba iliyo chini yake, na uandike urefu ulipopimia. Ondoa mimea itambaayo kabla ya kuzungusha futikamba.

Kanuni ya 2.5 ilitokana na miti ya Uingereza iliyokua mahali pa wazi. Mti uliobanwa na wenzake msituni hukua kama nusu ya hapo, kwa hiyo mzingo huohuo ungeweza kuwa wa miaka 350. Tazama matawi ya chini: yakiwa manene na yametanda, mti ulikulia kwenye mwanga. Shina refu lililonyooka bila matawi linaonyesha ulikulia msituni, hata kama leo uko peke yake.

Gome na Kiini
Ukitaka kukaribia ukweli, zitafute pete zenyewe, yaani zile duara za ndani ya mbao ambazo mti huongeza kila mwaka. Wanamisitu wana keekee ya mkono yenye tundu katikati, inayotoa ufito wa mbao wenye unene wa milimita 5 hivi. Toboa kwa usawa, ukilenga kiini. Mti ukiwa umeinama, toboa ubavuni, maana upande ulioinamia na ule wa mgongoni pete hazilingani. Keekee ikilegea ghafla umefika pangoni. Simama hapo na uitoe mara moja, kwa sababu ikikaa mbao huibana na haitoki tena. Gundisha ufito kwenye ubao wenye mfereji, usugue kwa msasa wa chembe kubwa ukishuka taratibu hadi namba 400, kisha hesabu kwa kioo cha kukuza.

Sasa hesabu, na wengi hukosea hapa. Mzingo wa sentimita 440 unatoa kipenyo cha 140, nusu yake 70. Toa gome la sentimita 3, zinabaki 67. Tuseme ufito una sentimita 20 na pete 80, yaani milimita 2.5 kwa mwaka. Ukigawanya 67 kwa 0.25 unapata miaka 268, na huo ni uzee wa kubambikiziwa. Pete za nje ni nyembamba kwa sababu mbao ya mwaka mmoja inatandazwa kwenye duara kubwa zaidi. Za utotoni zilikuwa pana.

Tumia eneo la mbao inayoongezeka badala ya upana wa pete. Sentimita 20 za nje ni 3.14 × (67² − 47²), karibu sentimita za mraba 7,160. Gawanya kwa 80, kama 90 kwa mwaka. Sehemu ya ndani, 3.14 × 47², ni karibu 6,940. Gawanya kwa 90, miaka 77. Jumla 157. Hapo umepunja kidogo, kwani mche wenye majani machache hauwezi kuzalisha 90 kwa mwaka. Pima miti michanga ya aina hiyohiyo: ikiwa pete zake ni milimita 5, zile sentimita 47 za ndani ni miaka 94, jumla 174. Ongeza miaka ya mche kufikia mita 1.3. Mimi ningeandika "160 hadi 200".

Chipukizi
Ahsante sana. Tundu halitauua? Na kaboni-14 je, ile njia ya maabara ya kupima umri kwa kaboni iliyomo kwenye mbao?

Pete Moja
Tundu ni jeraha la kweli, na kwenye mti wenye pango linaweza kufungulia kuvu njia ya kuingia mbao ambayo bado haijaoza. Toboa mara moja au mbili tu, safisha keekee kwa spiriti, na usizibe tundu kwa kijiti wala rangi. Mti hujifungia wenyewe.

Hakikisha pia kwamba pete moja ni mwaka mmoja. Ukame wa katikati ya msimu huzaa pete ya uongo, ambayo ukingo wake hufifia taratibu badala ya kukatika ghafla. Penye misimu miwili ya mvua pete zinaweza kuwa mbili kwa mwaka. Chukua ufito wa mti wa aina hiyo ambao mwaka wa kupandwa unajulikana, ulinganishe.

Kaboni-14 ilifaa sana kwa mibuyu, ambayo pete zake haziaminiki na mashina yake mara nyingi ni kadhaa yaliyoungana. Mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe ulipimwa hivyo ukaonekana kuwa na miaka 2,450 hivi. Lakini mbao iliyoota kati ya 1650 na 1950 ina tatizo: kiwango cha kaboni-14 hewani kilipanda na kushuka, hivyo sampuli moja hutoa tarehe kadhaa zilizopishana hata kwa karne. Mti wako unaelekea kuangukia humo. Ukilazimika, peleka sampuli tatu au nne kutoka ufito mmoja na utaje idadi kamili ya pete kati yake, ili maabara izipange kwa pamoja. Sampuli moja usiilipie.