Ukiamriwa kutenda dhuluma, dhambi ni ya nani?

Ndugu zangu, kuna hoja nimeisikia mara nyingi kwa Wakristo wenzangu, tena watu wacha Mungu: mkubwa wako akikuamuru jambo la dhuluma, dhambi ni yake, wewe umetii mamlaka tu. Andiko linalotajwa ni Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Mimi siikubali. Nawaeleza sababu, kisha mnipinge.

Fungueni 1 Samweli 22. Mfalme Sauli ana hasira kwa sababu kuhani wa mji wa Nobu alimpa Daudi, aliyekuwa akimkimbia, mikate na upanga. Anawageukia walinzi wake, anawaamuru wawaue makuhani. Hakuna anayenyosha mkono. Hawa ni askari, kazi yao ni kutii, na mfalme wao alitiwa mafuta na Samweli mwenyewe. Mamlaka halali kuliko hiyo utaipata wapi? Hawakumpindua. Walisimama palepale mbele yake, wakakataa. Ndipo Doegi Mwedomi akaifanya ile kazi: makuhani 85 kwa siku moja. Amri ilikuwa moja, iliyotoka kinywa kimoja. Kama dhambi yote ni ya Sauli, basi Doegi na wale walinzi wako sawa mbele za Mungu. Nani kati yetu atathubutu kusema hivyo?

Lakini wengi wetu hatutapewa upanga kamwe. Tutapewa karatasi. Mmoja anaandika orodha ya majina, mwingine anagonga muhuri, wa tatu anaendesha gari. Kila mtu ameshika kipande kidogo, jioni anarudi nyumbani, anasali na kulala. Yoabu, jemadari wa Daudi, alipokea barua ya mfalme wake iliyotaka askari Uria afe, akampanga Uria penye vita vikali. Hakumgusa hata kwa kidole, na Uria akafa.

Najua mtaniuliza kuhusu watoto: watakula nini? Swali hilo ni zito, silidharau. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, alikuwa na mke na mabinti wadogo alipokataa kubeba silaha katika jeshi la Hitler. Hata askofu wake alimsihi aifikirie familia. Aliuawa tarehe 9 Agosti 1943. Siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba hilo ni jambo jepesi.

Wala sisemi kila mtu aache kazi. Obadia alibaki msimamizi katika nyumba ya Ahabu, mfalme ambaye mkewe aliwaua manabii, huku akiwalisha manabii 100 aliowaficha mapangoni.

Anayenisumbua kweli ni Naamani, jemadari wa Shamu aliyeahidi kumwabudu Bwana peke yake. Anajua atainama katika hekalu la Rimoni, mungu wa mfalme wake, mfalme akiwa ameuegemea mkono wake, na nabii Elisha anamwambia aende kwa amani. Je, hapo alipewa ruhusa? Sina hakika. Ninachokiona ni kwamba Naamani hakusema "nitakuwa nimeamriwa". Aliomba Bwana amsamehe yeye.