Naomba ushauri: tunaenda Mnemba na watoto, hatutaki kuharibu bahari

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi wa nane natarajia kwenda Unguja na mume wangu na watoto wawili. Tutafikia Nungwi, siku moja tupande boti hadi Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki mwa Unguja. Tunatoka Dodoma, watoto hawajawahi kuiona bahari.

Kinachonisumbua ni hiki. Safari yangu iliyopita, nahodha wetu alitia nanga juu ya matumbawe. Abiria wakaanza kuokota viti vya pweza (wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota) na kuwainua juu wapigwe picha, wakati kiumbe yule hapumui nje ya maji. Walipotokea pomboo, boti zikawafukuza huku na huku, watu wakirukia mbele yao. Nilinyamaza, na mpaka leo inaniuma.

Sasa nahodha anayefunga boti kwenye boya badala ya kutia nanga nitamtambuaje, na nimuulize nini kabla ya kulipa? Saa ngapi hakuna msongamano? Kwa watoto nimenunua nguo za kuogelea za mikono mirefu, ili tusipake mafuta mengi ya jua yakaishia majini.

Pia Paje, maji yakipwa, ningependa watoto wawaone akina mama wanaolima mwani. Je, nikiomba ruhusa wataona sawa tuingie shambani, au tutawakanyagia kazi? Na kupiga picha? Kijijini tutajistiri, hilo nalijua.

Wenyeji wa Kaskazini na Kusini, nielekezeni tafadhali, hata kwa kunikosoa.