Waliopanda Kili: Marangu siku 5 inatosha au tunajitafutia balaa?

bongo_flani: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa pili naenda Kili na washkaji wa kazini, wote watu wa Dar, mazoezi yetu ni mpira wa jumapili na ngazi za ofisini lifti ikizingua. Wenzangu wanataka njia ya Marangu siku 5 sababu kuna vibanda vya kulala na bei imekaa vizuri, ila kuna jamaa kaniambia siku 5 ni kujitesa. Mliofika Uhuru kileleni na mlioishia njiani, nipeni yale mliyojifunza kule juu ambayo huku chini hakuna anayekwambia.

MamaKibosho: Jamaa yako yuko sahihi. Niliowaona wanashindwa, miguu haikuwa shida, shida ni hewa. Pale Uhuru mita 5,895 pumzi moja inakupa kama nusu ya unachopata Dar, mwili unataka muda wa kuzoea na huo muda gym hawauzi. Kundi letu kulikuwa na kijana mkimbiaji kabisa, siku za mwanzo anatutangulia anakaa juu ya mawe anatucheka, kufika Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, anatapika hadi chai, na dada mmoja aliyekuwa anatembea kama bibi harusi njia nzima ndo akapiga picha kwenye kibao cha kileleni. Ongezeni siku moja mlale Horombo, kambi ya kabla ya Kibo, mara mbili, siku ya katikati mnapanda mpaka mawe ya Zebra Rocks juu yake mnarudi kulala chini. Unaweza kuona hela inapotea bure ila mi kwenye safari nzima sijaona hela iliyofanya kazi kama hiyo.

chuma_cha_pua: Msitishane bana, mi nimetoboa kwa siku 5 na kichwa kiliuma kawaida tu

MamaKibosho: @chuma_cha_pua wenzako je?

chuma_cha_pua: 😂 haya, wengine waliishia Gilman's, pale ukingoni kabla ya Uhuru, na mmoja alirudishwa hata hajafika hapo. Ila kilichonimaliza mimi ni kushuka, maana unatoka kileleni unateremka mpaka Horombo siku hiyohiyo, vidole vinagonga mbele ya buti kutwa nzima, kucha zikawa nyeusi zikang'oka baadae. Kateni kucha fupi kabla hamjaondoka na mkianza kushuka kazeni kamba za buti juu kwenye kifundo.

mgumu_wa_moshi: Sisi tunaobeba mizigo tuna yetu pia. Begi analobeba mgumu mwisho kilo 20 na getini wanapima, kwa hiyo hayo masabufa yenu acheni nyumbani. Kibo Hut hakuna maji, tunayapandisha kutoka chini, ukimwaga ya kunawa ujue kuna mtu kayabeba. Usiku wa kileleni mnaondoka kama saa sita, chupa iwekeni kichwa chini miguu juu, barafu inaanzaga upande wa juu so mdomo unabaki wazi unakunywa. Simu na betri za tochi lala nazo, baridi inazikausha chaji. Na kula hata kama hujisikii, uji au supu, kule njaa inapotea kabisa halafu saa tisa usiku mtu anakaa chini hainuki.

bongo_flani: Dah asanteni. Vipi Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea hewa ya juu?

nesi_wa_zamu: Muone daktari kwanza, hasa kama una aleji ya dawa za salfa. Utakojoa sana na vidole vitakuwa na ganzi, hiyo ni kawaida yake. Ila isiwape kiburi, mtu akianza kuyumba au kuongea vitu visivyoeleweka anashushwa muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, msimwambie apumzike kidogo muone asubuhi.

bongo_flani: Nimewatumia screenshot washkaji, mmoja kashaanza kulia bei ya siku 6. Makoti tunapata wapi ya kununua, kukodi naona wanatupiga

mgumu_wa_moshi: Soko la Memorial hapa Moshi, mitumba ipo mpaka makoti ya kuteleza kwenye theluji, kagua zipu na kofia yake. Buti ndo usisubiri kununua huku, vaa hukohuko Dar mwezi mzima hata wakuone chizi kwenye daladala.