Ulinganisho: usafiri wa kwenda na kurudi tamasha la usiku Uwanja wa Sokoine, Mbeya

Mwenyeji wa Isanga (ameanzisha mada)

Wakuu, kila msimu wa matamasha maswali ni yale yale: niende na nini, nirudi na nini. Tuyaweke yote hapa, mtu akifungua apate jibu lake, awe anatoka Uyole au Iringa. Nazungumzia tamasha kubwa la usiku pale Sokoine, lile linaloanza jioni na kuisha saa nane au saa tisa usiku.

Msimamo wangu: panga kwanza utarudi na nini. Usafiri wa kwenda hausumbui. Saa kumi na mbili jioni vyombo vinapanda mjini kwa wingi na konda anakuita mwenyewe. Saa nane usiku umati mzima unatokea mageti machache kwa mkupuo, daladala zimeshalala, na bajaji zilizopo zinataja bei zinazotaka.

Kwa wa ndani ya jiji naona hivi.

Daladala kwa kwenda ni chaguo la kwanza. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, vya Desemba 2023 vilikuwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10 na 700 hadi kilomita 15, na hapo umemaliza karibu jiji lote, Uyole mpaka mjini na Mbalizi mpaka mjini. Kwa kurudi usiiweke kwenye hesabu kabisa.

Bajaji inabeba abiria 3 nyuma. Kwenda mkiwa watatu inalipa. Kurudi inafaa kama tu umeshakubaliana na dereva mnayemfahamu, saa na mahali, kabla hujaingia uwanjani. Ukimpigia saa nane usiku simu haitoki, kwa sababu watu wote waliozunguka uwanja wanapiga kwa wakati huo huo na mtandao umezidiwa. Mwambie akusubiri mahali fulani saa fulani, hata usipopiga.

Bodaboda ni ya mtu mmoja anayekaa karibu: Isanga, Forest, Simike. Kwa Uyole au Mbalizi usiku siishauri. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya Mbeya usiku inakausha vidole, na dereva aliyeganda mikono anachelewa kukamata breki. Na mishkaki, hapana. Abiria mmoja, helmeti mbili.

Gari binafsi, gari la kukodi, na wanaotoka nje ya jiji nawaachia wenye uzoefu.

Konda Mstaafu

Mkuu umeeleza vizuri, ila hapo kwenye kurudi kuna kitu umeruka. Usiombe usafiri getini. Gari likiingia karibu na geti saa hizo halitoki, linazingirwa na watu na magari mengine, linakaa palepale nusu saa nzima. Bei inapanda kwa sababu dereva anajua muda anaopoteza.

Shukeni kwa miguu mpaka Mafiati, barabara kuu. Ni kuteremka, kama nusu saa kwa mwendo wa kawaida. Pale anayekwenda Nzovwe na Iyunga anasimama upande wake, anayekwenda Mwanjelwa, Soweto, Ilomba na Uyole anasimama upande wa pili, na dereva anakupakia bila kugeuza. Tofauti ya bei kati ya getini na Mafiati utaiona mwenyewe.

Dada wa Forest

Konda, heshima yako, lakini ushauri huo usiutoe hivi hivi. Nusu saa kwa miguu saa tisa usiku kwa wadada wawili si sawa na kwa vijana sita. Vichochoro havina taa, na wezi wa simu wanajua kabisa watu watapita wapi.

Ukitaka kushuka, shuka na kundi, wakati umati bado uko barabarani, yaani ndani ya dakika kumi na tano za kwanza baada ya muziki kuisha. Fuata barabara kubwa tu, usikate njia. Simu iwe mfuko wa ndani. Ukishachelewa na umati umeshapungua, rudi pale penye taa na askari, usubiri chombo hapo hata kama ni ghali. Elfu chache za ziada ni nafuu kuliko simu.

Na kuna njia ambayo watu hawaifikirii: toka mapema. Ukiondoka nyimbo mbili tatu kabla ya mwisho, bajaji unaipata kwa bei ya kawaida ya usiku. Msanii mkubwa mara nyingi anapanda mwisho, najua inauma, lakini kwa mwenye mtoto nyumbani au kazi asubuhi ndiyo njia ya uhakika.

Konda Mstaafu

Nakubali dada. Kundi, barabara kubwa, mapema.

Rungwe Moja

Naomba mnisaidie. Sisi tuko 22, tunatoka Tukuyu. Kuna wanaosema tukodi Coaster, wengine Noah tatu, wengine tupande gari za kawaida kwenda halafu tukeshe mpaka alfajiri. Ipi ina unafuu?

Dereva Nyanda za Juu

Ndugu yangu, kwa watu 22 Coaster, bila ubishi. Nakupa hesabu.

Tukuyu–Mbeya ni kilomita 70 hivi, kwenda na kurudi 140. Coaster ya dizeli kwenye milima ile inakula lita 1 kwa kilomita 5 hadi 7, kwa hiyo tayarisha lita 20 hadi 28. Noah ya petroli ni lita 1 kwa kilomita 8 hadi 10, yaani lita 14 hadi 18 kila moja, na mnahitaji tatu: karibu lita 42 hadi 54. Bado madereva watatu wa kuwalipa na magari matatu ya kutafutana gizani. Bei ya mafuta angalieni ya mwezi huo, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

Gari za kawaida ni nafuu zaidi ukihesabu nauli tu. Kwa kiwango cha shilingi 48.47 kwa kilomita, daraja la kawaida, viwango vya 2023, ni kama 3,400 kwenda na 3,400 kurudi. Lakini kati ya saa nane na alfajiri mtakaa wapi? Kukesha nje kwenye baridi ya Julai bila koti zito ni kutafuta maradhi.

Sasa Coaster inaharibikia wapi. Sehemu ya kwanza ni fedha. Tuseme mwenye gari anataka 350,000, nachukua namba hiyo kwa mfano wa hesabu tu. Mkiwa 25 ni 14,000 kila mtu. Siku ikifika saba wakaingia mitini, mnabaki 18 na kila mmoja anadaiwa zaidi ya 19,400, ugomvi unaanzia stendi. Kusanyeni fedha yote siku tatu kabla, na asiyelipa asiandikwe. Ninyi 22 tafuteni watatu zaidi, siti zipo, Coaster nyingi zina 25 mpaka 29.

Ya pili ni makubaliano. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: namba ya gari, jina la dereva, saa ya kutoka Tukuyu, saa ya kugeuza, mafuta ni ya nani, kusubiri kumehesabiwa au hakujahesabiwa. Hapo kwenye kusubiri ndipo panapozua kesi. Mwenye gari anasema "bei ilikuwa ya kupeleka na kurudisha", ninyi mmekaa muda wa saa nane nzima, anataka nyongeza usiku wa manane. Lipeni nusu mkipanda, nusu mkishushwa Tukuyu. Ukimaliza kulipa mapema, gari linaweza kwenda kupakia watu wengine na likawakuta saa kumi.

Ya tatu, kama Coaster ni ya ruti, ulizeni kibali cha LATRA cha kukodishwa nje ya njia yake. Ikikamatwa Uyole bila kibali safari imeishia hapo, na ikipata ajali suala la bima linaweza kuwagomea.

Ya nne na kubwa kuliko zote ni dereva. Dereva haingii tamashani. Muda wote wa muziki analala ndani ya gari au kwenye chumba cha bei nafuu, na pombe hagusi hata moja. Mnunulieni chakula na blanketi. Kutoka Uyole mnapanda Igawilo mpaka Isyonje, na Isyonje usiku ukungu unaweza kuwa mzito hadi huoni mstari wa barabara. Dereva anayesinzia pale ni hatari kwa watu 22.

Rungwe Moja

Asante sana mkuu. Kwenye ukungu kuna cha kuangalia kwenye gari kabla?

Fundi Soweto

Hapo nidakie mimi.

Taa kwanza. Taa za chini ziwake zote mbili, na kama kuna taa za ukungu ziwake. Taa kali haisaidii, mwanga unagonga ukungu na kurudi machoni kwa dereva, anaona ukuta mweupe. Wipa na maji ya kioo viwe sawa, na feni ya kioo cha mbele ipulize hewa. Watu 22 wakipumua kwenye baridi vioo vinaloa kwa ndani dakika chache tu, fungueni dirisha moja kidogo.

Halafu breki. Kutoka Isyonje kwenda Kiwira ni mteremko mrefu. Dereva akikalia pedali njia nzima, pedi na drami zinapata moto, pedali inakuwa laini na breki haishiki tena. Dalili ni harufu kama ya mpira unaoungua. Dawa ni kushuka na gia ndogo tangu juu, ile ile ambayo ungepandia, na ekzosti breki (ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo) kama gari linayo. Pedali ikanyagwe kwa vipindi, kwa nguvu halafu iachiwe ipoe. Noah ya otomatiki itolewe kwenye D iwekwe 2 au L. Harufu ikisikika, simama mahali salama dakika ishirini. Usimwagie maji drami za moto, zinapasuka.

Angalieni pia tairi ya akiba ina upepo, jeki ipo, na spana ya magurudumu inaingia kwenye nati za gari hilo hilo. Hii ya spana watu wengi hawaijaribu mpaka pancha itokee.

Mlowo Kwetu

Sisi wa upande wa magharibi, Mbalizi, Mlowo, Vwawa, Tunduma, tatizo letu ni malori. Barabara hiyo ndiyo ya mizigo ya Zambia na Kongo, usiku malori hayapungui. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umeshaua watu wengi, na mara nyingi ni lori lililoishiwa breki linakuja kwa nyuma. Ukishuka pale na gari dogo weka nafasi kubwa mbele, tazama vioo vya nyuma, usisimame pembeni kwenye mteremko kwa sababu yoyote. Na kama ujenzi wa njia nne, ule wa Nsalaga hadi Ifisi, bado una michepuko siku hiyo, punguza mwendo. Alama za michepuko gizani huonekana ukiwa umeshafika.

Bajaji usiku mpaka Mbalizi, wakuu, hapana kabisa. Taa yake ya nyuma ni ndogo na dereva wa lori anaiona akiwa juu yako.

Kwa wa Tunduma, zaidi ya kilomita 100, ushauri wangu ni mabasi. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo kuna yanayopita Mbeya usiku yakitokea Dar. Tatizo ni kwamba hujui kama lina siti. Kata tiketi mapema ya kipande cha Mbeya–Tunduma, uliza linapita saa ngapi na linapakilia wapi hasa, maana mengine hayapandi stendi ya mjini. Usiposhika tiketi, lala.

Mwenyeji wa Isanga

Na treni? Kuna kijana kaniuliza kuhusu TAZARA.

Mlowo Kwetu

Treni ya abiria haipiti kila siku, na ikichelewa inachelewa saa nyingi. Kituo chenyewe kiko Iyunga, bado unahitaji chombo cha kukupandisha mjini. Kwa tamasha lenye saa maalumu haifai.

Dereva Nyanda za Juu

Kwa wa Njombe na Iringa, kurudi usiku uleule msijaribu na gari binafsi. Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Unatoka uwanjani saa tisa ukiwa umesimama tangu jioni, unakutana na Mlima Nyoka na Inyala mwanzoni tu mwa safari, malori yamejipanga, halafu barabara inanyooka baada ya Chimala na hapo ndipo usingizi unakamata. Lala Mbeya, ondoka saa mbili asubuhi.

Wenye gari wanaolala: msiegeshe karibu na geti. Ingiza gari kinyumenyume, pua ielekee barabarani, upande ambao utatokea bila kukatisha umati. Na msiache muziki unapigwa milango wazi huku injini imezimwa. Saa tatu za hivyo zinatosha kumaliza betri iliyochoka, na baridi inaizidishia. Beba waya za kubusti.

Dada wa Forest

Kuhusu kulala: gesti za karibu na uwanja zinajaa mapema na bei hupanda siku ya tamasha. Sae, Soweto na Nzovwe unapata kwa urahisi zaidi, ila hapo unarudi kwenye suala la chombo cha usiku, kwa hiyo jumlisha nauli ya bajaji kwenye bei ya chumba kabla ya kusema umepata nafuu. Wanaokuja kwa ndege kupitia Songwe wakumbuke uwanja wa ndege uko kule ng'ambo ya Mbalizi, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Kama ndege yako ni ya asubuhi, kulala upande wa Nzovwe au Iyunga kunakupunguzia safari.

Lipia chumba kwa simu, utunze ujumbe wa malipo, na piga tena mchana wa siku ile kuthibitisha. Halafu muulize mhudumu swali moja: saa tisa usiku geti anafungua nani, na namba yake ni ipi. Gesti nyingi zinafunga saa sita.

Rungwe Moja

Nimeshapata watatu wa kujazia, tuko 25. Mwenye Coaster amekubali nusu kwa nusu na amesema dereva atalala. Kesho naenda kuijaribu ile spana.