Jeli ya nano ya mafuta ya karafuu kwa fangasi wa ngozi: mbona inageuka nyeupe?

Raskazone_Maabara
Wakuu, heshima kwenu. Tunaandaa jeli ya nano (yenye matone madogo mno ya mafuta) ya kupaka kwa ajili ya choa na mapunye, kwa mafuta ya karafuu kutoka Amani. Kwa gramu 100: mafuta 2, Tween 80 (kiunganisha mafuta na maji) gramu 6, yanayobaki maji. Mafuta na Tween vinakorogwa kwanza, kisha maji yanadondoshwa polepole. Siku ya kwanza inapitisha mwanga, ina usamawati kidogo. Wiki ikiisha imekuwa nyeupe kama tui, na mafuta yametuama chini. Tukiichanganya na Carbopol 940 (unga wa kunenesha jeli) ya asilimia 1, jeli inalegea. Tuongeze Tween?

Mfamasia_Ngamiani
Usiongeze, mkuu. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni nzito kuliko maji, ndiyo maana inazama badala ya kuelea. Tena huyeyuka kidogo majini. Basi matone madogo yanayeyuka taratibu na kuyalisha makubwa, mpaka yanashuka. Changanya kwanza mafuta ya karafuu na MCT (mafuta mepesi yaliyochakatwa, mara nyingi kutoka nazi), nusu kwa nusu kwa ujazo. MCT haiyeyuki majini, kwa hiyo inazuia uhamaji huo, na inalifanya tone liwe na uzito unaokaribiana na wa maji. Mafuta ya nazi ya kawaida hapana: huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hapa Tanga unafika huko.

Ukishatia MCT, kukoroga peke yake hakutoshi. Tumia mashine ya mawimbi ya sauti kwa vipindi vifupi, bika ikiwa kwenye barafu, la sivyo joto linafukuza mafuta yenyewe. Hadubini ya kawaida haitawaonyesha matone ya chini ya nanomita 200. Tafuteni kipimo cha mtawanyiko wa mwanga, kinachopima ukubwa wa matone hayo.

Jeli: loweka Carbopol usiku kucha kwenye maji yaliyotoneshwa, maana chumvi ya kisima inaivunja. Dondosha trietanolamini (ya kupunguza asidi, ndiyo inayoifanya Carbopol inenepe) hadi pH 5.5–6, ndipo uingize emalsheni (ule mchanganyiko wa mafuta na maji) kwa mkono mwepesi. Tween nyingi nayo huishika Carbopol isitanuke vizuri.

Chumbageni_QC
Naongezea la Tween, maana wengi hulisahau: humeza parabeni (vihifadhi) ndani ya miseli zake (vifundo vidogo vya molekuli), chupa ikaota ukungu ingawa kihifadhi kimo. Fenoksiethanoli, kihifadhi kingine, isizidi asilimia 1, ni chaguo bora, lakini bado ipimeni. Hiyo hiyo Tween huishika yujenoli pia, kwa hiyo kwenye sahani za agari (za kuoteshea fangasi) wekeni pia jeli tupu isiyo na karafuu na mafuta ya karafuu peke yake. Bila hivyo hamtajua kinachoua fangasi ni kipi.

Vyombo viwe vya kioo au chuma cha pua. Chuma chenye kutu huitia yujenoli weusi, na vikopo vya polistirini huyeyushwa na mafuta haya.

Raskazone_Maabara
Asanteni sana. Na kuijaribu kwa watu?

Mfamasia_Ngamiani
Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwanza. Yujenoli husababisha mzio kwa baadhi ya watu, hasa ngozi iliyokwisha kuchunika. Na mkiandika kwenye lebo kwamba inatibu fangasi, hiyo ni dawa, mlango wenu ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).