VéloSoleX 3800: pistoni imekwama. Na je, niipake rangi upya?

Pedali_Mbili

Wakuu, habari zenu. Baada ya kuisaka kwa miaka, nimepata VéloSoleX 3800 nyeusi, ile baiskeli ya Kifaransa ambayo injini yake ya sisi (cc) 49 imekalia gurudumu la mbele. Namba ya fremu inasomeka vizuri. Matairi yamepasuka, tangi ndani ni kutu tupu, na injini imegoma: haizunguki kabisa, hata nikijaribu kuizungusha kwa mkono.

Nimepanga kufungua kila kitu, fremu nikaipigishe mchanga kwa mashine ya upepo itoke rangi yote, kisha nipake nyeusi mpya inayong'aa. Ila kabla ya hapo, pistoni naitoaje? Nimesikia kuna watu wanasukumia grisi kwa bomba kupitia tundu la plagi. Inafaa kwa hii?

Mzee_wa_Spana

Hongera sana, umepata kitu. Nakuomba jambo moja: usiipeleke kwenye mchanga.

Nasema hivi kwa uchungu. Baiskeli yangu ya kwanza ya injini ilikuwa na Cyclemaster, ile ya Uingereza ya 1950 ambayo injini nzima, sisi 25.7, imefichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Niliipiga mchanga na kuipaka rangi ikang'aa kama sahani. Maandishi ya kiwandani yakaondoka, mikwaruzo ya miaka yote ikaondoka, na mchanga ukaingia kwenye beringi nilizodhani nimeziziba. Rangi mpya hata wewe unaweza kuipaka kesho au mwakani. Ile ya kwanza ikishatoka haina wa kuirudisha.

Sasa pistoni. Grisi inafanya kazi, lakini uliza kwanza imesimama wapi. Hii ni injini ya mipigo miwili, silinda ina matundu ubavuni ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi. Pistoni ikiwa imekwama chini, matundu yako wazi, na grisi yote itapitia humo hadi kwenye ekzosi huku pistoni imetulia. Kwa hiyo fungua kifuniko cha silinda uone kwa macho. Ukiikuta juu, grisi inaweza kukusaidia, ila kuisafisha baadaye ni kazi ya siku nzima. Mimi sijawahi kulazimika kufika huko.

Ninachofanya ni kuloweka. Asetoni nusu, mafuta ya giaboksi otomatiki nusu, mimina juu ya pistoni, funika na kitambaa, uiache. Tikisa kila unapomimina tena, maana hivyo viwili hujitenga. Na uwe mwangalifu sana, asetoni ikidondokea rangi inaila papo hapo, tena inashika moto haraka. Injini itoe kwenye baiskeli kabisa.

Baada ya siku tatu nne, futa mafuta yote, yakauke, peleka injini nje, kisha pasha silinda kwa hewa ya moto na uiache ipoe. Rudia. Pistoni ni aluminiamu na silinda ni chuma, havitanuki sawa, na kule kutanuka na kusinyaa ndiko kunakovunja kutu iliyovigandisha. Kisha weka kipande cha mti laini juu ya pistoni na ugonge taratibu. Nyundo tupu, hapana. Ringi zikivunjika ndani zitachana silinda.

Ikishalegea, badilisha sili za krenki (zile pete za mpira zinazozuia hewa) hata kama zinaonekana nzima. Mpira uliokauka unavuta hewa, mchanganyiko unakosa mafuta, na pistoni itakwama tena, safari hii kwa joto.

Cheche

Naunga mkono. Upande wa umeme wa cheche: safisha platini (vile vidole viwili vinavyokata umeme), weka nafasi ya milimita 0.4 kati yake, na usihukumu koili kabla ya kubadilisha kondensa. Kondensa ya zamani ndiyo hufa kwanza.

Tangi lijaze siki, tia nati chache, tikisa, liache usiku kucha. Ukimwaga, suuza kwa maji yenye magadi, likaushe na upake mafuta ndani siku hiyo hiyo. Ukichelewa kutu inarudi kabla hujala chakula cha jioni.

Pedali_Mbili

Wakuu, nimerudi. Pistoni ilikuwa imekwama karibu na chini, kwa hiyo ile grisi ingeishia kwenye ekzosi kama mzee alivyosema. Ilichukua siku tisa. Siku ya nane niligonga nikaona kama kivuli kimesogea, nikadhani ni macho yangu. Jana imeshuka nusu sentimita, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Silinda ina mistari miwili midogo, kucha hainasi, yaani haijachimbika.

Fremu nimeiosha kwa maji ya sabuni tu. Pale inapoinama, rangi imelika hadi chuma, upande mmoja tu, mahali ambapo kiatu cha mtu kilipita kila alipopanda. Naiacha hivyo hivyo.

Sasa kiwambo cha pampu ya mafuta, kile kipande chembamba cha mpira kinachocheza ndani yake, kimekakamaa kama ukucha. Kuna aliyewahi kukikata mwenyewe? Mlitumia mpira wa aina gani unaovumilia petroli ya siku hizi yenye ethanoli?

Mzee_wa_Spana

Mpira wa naitraili, mwembamba kadiri utakavyoupata. Pampu ile inasukumwa na pumzi ya chumba cha krenki tu, ukiweka mnene haitacheza. Kile cha zamani usikitupe, ndicho kipimo chako cha kukatia.