Ma-DJ na wapiga vinanda: ufunguo upi unakugusa? Tupeane uzoefu

Mtelezo_Sinza (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wa kumi na moja napiga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Dar. Miaka minne ya mwanzo sikujua kabisa kwamba wimbo una ufunguo, au "ki" kama wanavyosema wanamuziki, yaani noti ambayo wimbo unaizunguka na kutulia, pamoja na ngazi yake: maina, yenye sauti nzito kidogo, au meja, yenye uchangamfu. Nilijua kasi tu. Biti zikikaa pamoja, kazi imeisha.

Siku moja maharusi wanaingia ukumbini. Wimbo wa kuingilia unakaribia kwisha, MC kaniambia nisiache kimya hata sekunde moja, nikauleta wa pili juu yake. Ngoma zinagonga kama za mtu mmoja. Lakini vinanda sasa! Ukumbi mzima ulikunja sura. Mama mmoja wa kamati akanijia mezani na kisahani chake cha keki mkononi: "Baba, spika imeungua?" Spika ilikuwa nzima. Wimbo wa kwanza ulikuwa F maina, wa pili F shapu maina. Tofauti ni nusu toni tu, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda, na hiyo ndiyo inayouma kuliko zote.

Tangu hapo natumia gurudumu la Camelot. Kwa asiyelijua, funguo 24 zimepangwa kama saa ya ukutani, namba 1 mpaka 12, A ni maina na B ni meja. 8A ni A maina, 8B ni C meja. Ukibaki namba ileile au ukisogea moja mbele au nyuma kwenye herufi ileile, nyimbo zinashikana bila ugomvi. Ufunguo wangu mimi ni 4A, hiyohiyo F maina iliyoniaibisha. Nikiweka ngoma ya 4A wanainuka hata wajomba wa meza za nyuma. Nahisi kama usiku umeiva, jambo zito lakini tamu. Kwa nini, sijui. Wa kwenu ni upi? Leteni visa.

Nganya_Bamburi

Mombasa ni 8A, hakuna ubishi. Ila nikupe siri yake: vijana wengi wanaotengeneza biti chumbani hawakusomea kinanda, wanabonyeza vitufe vyeupe tu. Vyeupe vitupu vinakupa A maina au C meja. Ndiyo maana flashi yangu imejaa 8A. Waniuliza hisia? Hisia ya kutosumbuka.

Mwalimu_Sauti_Nne

Mimi si DJ, nafundisha kwaya huku Moshi, ila mada imenigusa. Sisi huandika juu ya karatasi "Do ni G" na wimbo unaanza. Kama wimbo unatulia kwenye la badala ya do, huo ndio maina yenu.

Sasa kisa. Jumapili moja umeme ulikatika tukiwa ubeti wa kwanza. Tukaendelea kwa sauti tupu, nikajisifu moyoni kwamba watoto wamekomaa. Ubeti wa nne umeme ukarudi, mpiga kinanda kwa furaha akaingia na G yake. Kwaya ilikuwa imeshateremka mpaka F shapu bila mtu kujua. Sitaki kusimulia zaidi, maana paroko alikuwa anatazama dirishani kwa heshima.

Jambo la pili. Kinanda cha leo kimegawanya sauti sawasawa, hatua kati ya noti na noti haitofautiani. F maina na A maina umbo lao ni moja, kimoja kimekaa juu ya mwenzake. Nikibonyeza kitufe cha kupandisha nusu toni, waumini hawatambui kitu. Wanaotambua ni wasoprano, maana shingo zinawatoka mishipa. Basi kama kuna hisia, kwetu iko kooni mwa mwimbaji.

Zamani ilikuwa tofauti kidogo. Kuna Mjerumani, Christian Schubart, aliyeandika tabia ya kila ufunguo. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1806, miaka 15 baada ya kifo chake. C meja aliiita safi, isiyo na hatia. Enzi hizo vinanda vingi havikupangwa sawasawa kama sasa, kila ufunguo ulikuwa na ladha yake kweli. Na unajua Mtelezo, F maina yako aliielezaje? Huzuni nzito, maombolezo ya msiba, na kutamani kaburi.

Mtelezo_Sinza

Mwalimu, na mimi ndiyo nawachezeshea maharusi! 😂 Naomba Schubart asialikwe kwenye kamati yoyote ya harusi.

Fundi_Mitambo

Mleta mada, F maina yako naijua ilipotoka. Spika za besi unazokodi ni za inchi ngapi?

Mtelezo_Sinza

15 mbili kila upande. 18 nikipata hela.

Fundi_Mitambo

Basi jibu unalo. F ya chini kwenye besi ni kama Hz 44, yaani mitetemo 44 kwa sekunde. E ni 41, D ni 37, C ni 33. Spika nyingi za inchi 15 tunazozungusha mtaani zikifika chini ya 40 zinapumua tu, mlio hakuna. Ukipiga ngoma ya C maina, besi inatikisa karatasi ya spika na watu wanabaki wanakutazama. Ukipiga ya F inawapata tumboni. Wajomba wako hawakuinuliwa na ufunguo, kaka, wameinuliwa na sanduku. Niliwahi kufunga mitambo mikubwa uwanjani, ngoma za C na D zilizokuwa zimekufa baa zikafufuka zote.

Mtelezo_Sinza

Dah. Miaka saba najiona nina sikio la ajabu.

Kanuni_ya_Malindi

Assalam aleikum. Mie nipo Unguja, napiga kinanda kwenye taarab na siku nyengine nashika muziki harusini. Hizo namba zenu za saa kwetu zinagoma.

Nilichukua wimbo wa taarab wa makamu ya Rast, yaani ngazi ya noti ya Kiarabu, umekaa juu ya F. Programu ya kompyuta ya kutafuta ufunguo ikaniambia F maina. Nikakata kipande cha katikati, nikaipa tena, ikasema F meja. Wimbo ule ule! Mashine haina kosa, maskini. Noti ya tatu ya Rast haikai kwenye maina wala meja, imekaa baina yao, robo toni. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, anainua vile vijiko vidogo pembeni ya nyuzi, anaipata noti yake. Kinanda cha kawaida hakina kitufe hicho, lazima uwe na kile cha mashariki unachoweza kukipanga robo toni. Na Bayati ndiyo hivyo hivyo, noti ya pili imelala katikati.

Nilijaribu kuuchanganya wimbo huo na amapiano, kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zimetanda chini kama godoro. Ile noti ya tatu ilipopita juu yake nilihisi jino langu bovu limeguswa. Bibi mmoja aliyekuwa anatunza akasita, noti ya elfu tano imebaki hewani, hajui aende mbele au arudi. Siku hizi taarab naichanganya na ngoma kavu tu: mirwas, dumbaki, makofi. Kodi hapana. Na mkiniuliza changu, ni Rast. Sio huzuni, sio furaha. Ni kama mtu aliyesafiri sana amerudi nyumbani, amekaa barazani, hataki kuulizwa kitu.

Sahani_45

Mimi ni wa zilipendwa, Arusha. Mezani nina Technics, mashine ya kuchezea sahani za santuri, kitelezi chake cha kasi kinakwenda asilimia 8 juu na 8 chini. Wengi hawajui kwamba kwenye sahani, ukiongeza kasi kama asilimia 6, umepandisha na ufunguo nusu toni. Hakuna kitufe cha kuushikilia kama kwenye mashine zenu za flashi. Nilikuwa nausukuma wimbo wa dansi ili umfikie mwenzake, mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaja taratibu: "Kijana, huyu mwimbaji nilimsikiliza kwa macho yangu. Hakuwa na sauti ya mtoto." Nikarudisha sifuri. Afadhali biti zigongane kidogo.

Halafu kanda nyingi za zamani hazimo kwenye ufunguo wowote. Unakuta wimbo uko kati ya E na F, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikimbia au ilichoka. Msiamini namba, sikilizeni.

Mtoto_wa_Manzese

Singeli hapa, BPM (mapigo kwa dakika) 200 na kupanda. Tumechukua kipande cha taarab tumekikimbiza mpaka kinalia kama filimbi, halafu mtu anauliza ufunguo? 🤣 Ufunguo ni wa geti, tukimaliza tunafunga.

DadaMiksi

Nimesoma zote kimya, ngoja niseme yangu. Napiga kwenye kicheni pati Dodoma, wanawake watupu. Kuna wimbo mmoja wa injili kaka yangu aliupenda, ulipigwa kwenye gari iliyobeba jeneza kutoka hospitali mpaka Kondoa, unarudiwa na kurudiwa, dereva hakuwa na mwingine. Baadaye nilipoanza kazi hii programu ikaniambia ni 7A, D maina. Nikajiaminisha kwamba D maina ndiyo inayonibana kifua. Nikawa naruka 7A zote, hata za kuchezea.

Mwenzangu akachoka. Akauchukua ule wimbo, akashikilia kasi, akaupandisha ufunguo nusu toni bila kuniambia, akaubonyeza tukiwa tunafunga vyombo usiku. Nililia vilevile. Kisha akapiga ngoma tatu za 7A mfululizo, nikawa nakunja waya huku nacheza.

Kwa hiyo 7A nimezirudisha. Ule mmoja bado upo kwenye flashi, faili la kumi na nne. Nikifika hapo naruka.